Nani Alipe Toleo la Pili? Ufadhili wa Vitabu vya Historia ya Mahali kwa Wanafunzi wa Afrika Mashariki

Historia ya mahali, yaani historia ya ukoo, mji au wilaya, haijawahi kuwa na soko kubwa la vitabu. Mchapishaji anayetegemea faida huona wasomaji wa wilaya moja kuwa wachache mno kurudisha gharama zake. Kwa sababu hiyo, tangu mwanzo wa uchapishaji wa Kiswahili, vitabu vya aina hii vimehitaji mfadhili. Makala haya yanachunguza vyombo vitatu vilivyofadhili usomaji huo kwa nyakati tofauti. Yanadai kuwa swali zito si nani alilipia toleo la kwanza, bali nani aliwajibika kwa toleo la pili.

Chombo cha kwanza ni misheni. Kati ya mwaka 1895 na 1907, misheni ya UMCA ilichapa kwa sehemu Habari za Wakilindi, masimulizi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kuhusu ukoo uliotawala Usambara. Masimulizi hayo yalihifadhiwa, lakini toleo jipya chini ya uhariri wa J.W.T. Allen lilitoka mwaka 1962, baada ya zaidi ya nusu karne, na lilitolewa na chombo kingine kabisa. Kizazi kizima cha wanafunzi kilikuwa kimekwisha kupita.

Chombo hicho kingine ni East African Literature Bureau, kilichoanza kazi mwaka 1948 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kwa fedha za umma kilibeba hasara ambayo mchapishaji binafsi asingeikubali. Mwaka 1954 kilichapisha kitabu cha Mathias Mnyampala kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo. Mnyampala, mwenyeji wa Ugogo, aliandika kwa Kiswahili na si kwa Kigogo. Uamuzi huo ulikuwa na uzito: historia ya Ugogo iliweza kusomwa na mwanafunzi wa Mombasa bila mkalimani.

Hata hivyo, mpango huo ulikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba ulipenda kuipanga historia kwa makabila. Ugogo ulikuwa njiapanda ya misafara kati ya pwani na Tabora, na watu wa asili mbalimbali walikutana huko. Kitabu kinachoanza na kabila hueleza vizuri nasaba na koo, lakini huweza kuwaacha pembeni wapagazi, wafanyabiashara na wahamiaji ambao nao waliijenga historia ya mahali hapo. Ya pili ni kwamba uhai wa vitabu ulifungamanishwa na uhai wa taasisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, chombo hicho cha pamoja nacho kilikoma. Kenya iliendeleza kazi hiyo kupitia Kenya Literature Bureau, lakini soko moja la nchi kadhaa lilikuwa limegawanyika. Kwa upande wa Mnyampala, tafsiri ya Kiingereza ya kitabu chake, iliyohaririwa na Gregory Maddox, ilichapishwa Marekani mwaka 1995. Mtafiti wa chuo kikuu alihudumiwa. Mtoto wa Dodoma hakuwa msomaji aliyelengwa.

Chombo cha tatu ni Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mradi huu haukuwa mchapishaji. Ulichagua miswada, ukawaachia wachapishaji wa nchini kazi ya kuichapa, kisha ukanunua nakala na kuzipeleka katika maktaba za shule. Fedha zilielekezwa kwa msomaji badala ya mtambo wa kuchapia. Mchapishaji alibaki na kitabu chake, na aliweza kuuza nakala nyingine sokoni. Udhaifu wake ni kwamba ununuzi ukisimama, mchapishaji hurudi palepale pa kuhesabu wasomaji wa wilaya moja.

Uzoefu huu unatoa mapendekezo matatu kwa watunga sera. Kwanza, mkataba wa ufadhili uoneshe tangu mwanzo nani atakuwa na haki ya kuchapa upya iwapo mfadhili ataondoka. Pili, ununuzi wa nakala ugawanywe katika awamu kadhaa badala ya kumalizwa kwa mkupuo, kwa kuwa kitabu cha darasani huchakaa. Tatu, eneo, na si kabila, liwe kipimo cha historia ya mahali, na muswada usomwe na wazee pamoja na walimu wa eneo hilo kabla ya kwenda mtamboni.

Gharama ya mapendekezo haya si kubwa ikilinganishwa na hasara ya kuyapuuza. Mzee anayekumbuka asili ya jina la kijiji hasubiri bajeti ya mwaka ujao, na mtoto wa darasa la nne atakuwa darasa hilo kwa mwaka mmoja tu.