Tiketi ya Treni, Nauli ya Matatu

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, wajenzi walipiga kambi hapo kabla ya kuukabili ukingo wa Bonde la Ufa, na kambi ikazaa mji. Mashariki mwa stesheni, Muthurwa na baadaye Makongeni, yakajengwa makazi ya wafanyakazi wa reli. Hivyo Eastlands ilianza maisha yake kando ya njia ya treni.

Vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 wa reli hiyo walitoka India ya Waingereza. Sheria ya Reli ya huko, ya mwaka 1890, haikumwahidi abiria mengi: tiketi iliuzwa kwa sharti kwamba nafasi ipo. Aliyeikosa alirudishiwa nauli, mradi airejeshe tiketi ndani ya saa 3 baada ya treni kuondoka. Atafikaje aendako, hilo lilikuwa shauri lake.

Nairobi, shauri hilo lilimalizwa barabarani. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu rasmi matatu, ambazo hadi hapo zilibeba abiria kinyume cha sheria. Tangu hapo treni ikikwama Makadara au Dandora, abiria huteremka, hutafuta stendi na kulipa upya. Mara nyingi hulipa zaidi, kwa kuwa kondakta akiona umati, au wingu jeusi, nauli hupanda.

Wenye reli walibadilika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ilibaki na shirika lake la reli. Mwaka 2006 kampuni ya Rift Valley Railways ilikabidhiwa kazi, na mkataba ukakatizwa 2017. Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta alizindua treni za dizeli zilizonunuliwa Hispania zikiwa zimeshatumika. Kisha tarehe 24 Aprili 2024 mvua ilifurisha jiji, na Shirika la Reli likasitisha treni za mjini kwa usalama wa abiria. Barabara nazo zilikuwa zimejaa maji.

Kwa abiria aliyekwama hivyo, Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaandika jibu. Kanuni iliyoanza kutumika huko Juni 2023 inasema kwamba, ikiwa dakika 100 zitapita tangu muda wa kuondoka bila abiria kuambiwa njia nyingine ya safari, anaweza kupanda treni nyingine au basi, kisha adai gharama zinazofaa. Sheria ya 1890 iliuza kiti. Hii inauza kufika.

Kenya ina msingi wake. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro za huduma, hata zile za taasisi za umma. Ila ibara yenyewe haitaji dakika wala nauli ya matatu. Abiria wa Dandora anayelipa kwa M-Pesa tayari ana ujumbe wenye saa na kiasi. Kinachohitajika ni kanuni inayosema ujumbe huo apeleke dirisha gani, na alipwe baada ya siku ngapi.