Vita Vilivyopiganwa Ghalani

Nilipokuwa sekondari, Vita vya Maji Maji vilikuwa swali la mtihani: eleza sababu za kushindwa. Tukaandika silaha duni, maji yasiyozuia risasi, uongozi wa kila kabila kivyake. Alama tulipata. Hakuna mwalimu aliyetuuliza kama namna walivyoshindwa ilikuwa halali.

Swali hilo limenirudia wakati huu wa mavuno hapa Ifakara. Mashine za kukoboa zinanguruma tangu alfajiri, magunia yamejaa kando ya barabara, na kila ukisalimia mtu mnaishia kwenye bei ya mpunga. Mimi nilikuwa nasoma tena *A Modern History of Tanganyika* ya John Iliffe (1979), na kurasa zake za Maji Maji zilinitoa hamu ya kula.

Vita vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, na ndani ya wiki chache vilikuwa vimelifikia bonde hili. Tarehe 30 Agosti Wambunga na Wapogoro waliishambulia boma ya Mahenge, alipokuwa Kapteni von Hassel na bunduki zake mbili za rashasha. Maelfu walikwenda, mamia wakabaki pale chini. Shuleni hadithi ilikuwa inaishia hapo: maji yakashindwa na risasi, kengele ikalia, tukatoka.

Kumbe vilivyoua zaidi vilikuja baadaye. Kapteni mmoja wa Kijerumani, von Wangenheim, alishauri kwamba mapigano peke yake hayatatosha. Ni njaa na dhiki tu zitakazowafanya watu wasalimu amri kabisa. Haya hayakuvuja kutoka kwenye faili la siri. Gavana von Götzen mwenyewe aliyaweka kwenye kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu vita hivyo. Vijiji vikachomwa, nafaka ikabebwa au ikateketezwa, watu wakakimbilia porini msimu wa kupanda ukiwapita. Yeyote aliyelima mpunga anajua maana ya kukosa msimu mmoja. Huli mwaka huu, na mbegu ya mwakani umeshaitafuna.

Hesabu rasmi ya Wajerumani ilitaja vifo 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyezunguka kusini kukusanya simulizi za wazee na kuandika tasnifu yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wazungu waliokufa walikuwa 15. Lakini kilichonisimamisha ni jambo jingine kwa Iliffe: miaka 30 baadaye ilikadiriwa kwamba ile njaa ilipunguza uzazi wa wanawake walionusurika kwa zaidi ya asilimia 25. Jamani, hao ni watoto ambao hata kwenye hesabu ya wafu hawamo.

Sasa, mtetezi wa von Götzen atasema sheria ya wakati ule iliruhusu. Kwa maandishi, ana hoja. Kanuni za Lieber, walizopewa askari wa Marekani mwaka 1863, zilikubali kumshindisha adui njaa, awe na silaha au asiwe nayo. Mkataba wa Hague wa 1899 ulizifunga dola zilizotia saini tu, zikipigana zenyewe kwa zenyewe, na Mpogoro hakuwa na dola iliyoalikwa Hague. Ilibidi kusubiri Itifaki ya kwanza ya Geneva, mwaka 1977, ndipo kuwashindisha raia njaa kukapigwa marufuku waziwazi kama mbinu ya vita. Mwaka huohuo Michael Walzer alichapisha *Just and Unjust Wars*, kitabu ambacho wasomi wa maadili ya vita bado wanabishana nacho. Anapofika kwenye njaa, mfano wake mkubwa ni Leningrad. Simlaumu sana, ila Mahenge ilitangulia kwa miaka 36.

Kwangu mimi hoja ya "sheria iliruhusu" haitoshi, kwa sababu walioiandika sheria ndio haohao walioshika viberiti. Ila nikipima kwa mizani hiyo, siwezi kuwaacha wapiganaji wetu nje. Agosti 1905 walimuua Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, wawili wao masista. Hao hawakuwa na boma wala rashasha.

Fasihi yetu nayo imesimama palepale mwalimu wangu aliposimama. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969) naipenda mno, lakini inatuacha na nabii akiwa kifungoni na swali la maji. Tamthilia ya mwaka 1906, ya mama aliyeficha debe la mpunga chini ya majani, bado naisubiri.

Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha. Songea kuna makaburi ya mashujaa walionyongwa, kwa hiyo kulikuwa na mahali pa kuweka shada. Mimi daraja la Mto Kilombero nimelivuka mara nyingi kuelekea Mahenge, na huko njiani sijawahi kuona hata kibao cha mbao kinachowataja waliokufa njaa.