Tenki la bodaboda na tanuri za Ufipa

Wiki iliyopita dereva mmoja wa bodaboda hapa Mlandege, Iringa, alinionyesha tenki lake. Lina tundu dogo kama ncha ya sindano, upande wa chini, na petroli inadondokea injini ya moto. Akaniuliza: "Sasa wewe msomi, mafuta siyo maji. Kutu imetoka wapi?"

Swali zuri, na jibu lake linatupeleka hadi Ufipa.

Tuanze na tenki. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji. Ukiendesha na tenki nusu, juu ya mafuta kuna hewa. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, si unajua baridi yake ya usiku? Tenki likipoa linavuta hewa ya nje, na unyevu wake unageuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yanatuama chini kabisa. Ndiyo maana tundu huanzia huko.

Sasa fikiria kinyume chake. Wahunzi wa Ufipa, mkoani Rukwa, walijenga tanuri la udongo lililozidi kimo cha mtu, likiitwa ilungu. Ndani walipanga mkaa na mawe yenye chuma. Mawe hayo ni ndugu wa kutu, yaani ni chuma kilichoshikwa na oksijeni. Mkaa ukiungua kwenye hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni, na gesi hiyo huinyang'anya chuma oksijeni yake. Ilungu halikuhitaji mivukuto, maana joto lilipopanda, hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini. Chuma kilisafishwa tena kwenye tanuri dogo, ndipo kikawa jembe. Katika karne ya 20 kazi hiyo ilififia, vyuma vya kutoka nje viliposhika soko.

Kumbe tenki linaloliwa na kutu ni chuma kinachorudi kilikotoka.

Kutu ya tenki haihitaji tanuri. Siki huiyeyusha taratibu. Suuza, pitisha maji ya magadi kuua asidi iliyobaki, suuza tena, kausha vizuri, kisha tundu lizibwe kwa lehemu. Baada ya hapo usiache tenki likae nusu siku nyingi.

Ila yule kijana alitaka kwenda kuchomelea palepale, awahi hesabu ya bosi. "Liko tupu," akasema. Hapo nikamshika mkono. Tenki tupu ndilo la kuogopa! Lililojaa halina nafasi ya hewa, lakini tupu lina mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke wa petroli ukifika kama asilimia 1 na nusu tu, cheche moja inatosha kulipasua. Lazima lioshwe kwa maji na sabuni mara kadhaa, na hata hivyo fundi alijaze maji hadi karibu na tundu kabla ya kusogeza moto.

Siku ile hesabu haikufika kwa bosi. Yeye alifika nyumbani.