Mkono wa Kulia Unachechemea? Jibu Lipo Hispania, na Lingine Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika

Kuna ile sauti ya gitaa ukiisikia unaapa wapigaji wako wawili. Mmoja yuko chini na besi, ametulia zake. Mwingine yuko juu, noti moja inatetemeka bila kupumua. Kumbe ni mtu mmoja na mkono mmoja wa kulia! Hiyo ndiyo tremolo, na imewatoa jasho vijana kibao wanaojifundisha gitaa kwenye simu, kuanzia Dar mpaka Katandala, Sumbawanga.

Aliyeipa umaarufu mkubwa ni Mhispania Francisco Tárrega (1852–1909), kupitia kibao chake "Recuerdos de la Alhambra" cha miaka ya 1890. Mpango wenyewe ni vidole vinne. Gumba linapiga besi, halafu cha pete, cha kati na cha shahada vinapokezana kwenye uzi mmoja. Mapigo manne, unarudia.

Shida inaanzia hapo. Badala ya ta-ta-ta-ta, unasikia ta... tatata, ta... tatata. Mkono unachechemea. Wengi wanaishia kusema "mkono wangu mzito", gitaa linatundikwa ukutani, habari imeisha.

Sasa vuka Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya Ufipa ndiko Kongo, na kusini zaidi kuna miji ya migodi ya Katanga. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimkuta huko Jadotville, leo Likasi, kijana aliyezaliwa 1930, Mwenda Jean Bosco, akamrekodi. "Masanga" ikatoka hapo. Mwaka 1969 Bosco alikuwa jukwaani Newport, Marekani.

Vidole alivyotumia? Viwili tu! Gumba na shahada. Haikuwa tremolo ya Tárrega, ila kazi ni ileile: besi inatembea, sauti ya juu inacheza, na msikilizaji anahesabu watu wawili.

Na Bosco ndiye tunayemjua kwa sababu mashine ya kurekodi ilimfikia. Wapo waliokaa na gitaa zao mitaani miaka hiyo na majina yao hayakuandikwa popote. Shule yao ilikuwa macho: unamtazama mwenzako anavyopiga, unaenda kujaribu.

Ukiwaweka Tárrega na Bosco pamoja, unaona kitu kimoja. Siyo wingi wa vidole, ni usawa wa muda. Ule mchechemeo unakuja kwa sababu vidole vitatu vinakimbia pamoja kama kundi, halafu vinalisubiri gumba.

Dawa yake ni hii. Punguza mwendo mpaka kila pigo ulisikie peke yake. Tia nguvu kwenye kidole kimoja kwa zamu, leo cha pete, kesho cha kati, ili kile kivivu kijulikane. Kidole kinachofuata kiguse uzi mapema, kizime sauti, ndipo kipige. Vidole visiruke mbali na uzi. Kucha zilingane. Na baridi ya Sumbawanga ya Juni na Julai usiichukulie poa, pasha mikono moto kwanza.

Kasi itakuja yenyewe. Mkono mzito ni wachache sana wanao. Wengi wana mkono wenye haraka.

Wewe unapigia vidole vinne au viwili kama Bosco? Funguka hapo chini.