Asbesto: Njia za fidia kwa waliohudumu melini na gudini

CHALA iko mbali na bahari. Kutoka wadi hiyo ya Taveta, kando ya ziwa lililo ndani ya shimo la volkeno chini ya Mlima Kilimanjaro, mwendo hadi Kilindini unazidi kilomita 250. Hata hivyo si ajabu, huko na kwingineko Taita Taveta, kumkuta mzee aliyeshuka Mombasa angali kijana, akahudumu katika jeshi la wanamaji, gudini, bandarini au katika reli, kisha akarudi nyumbani kulima migomba.

Mzee wa aina hiyo anapoanza kuhema akipanda kilima kidogo, jamaa husema ni umri. Zahanati hushuku kifua kikuu. Ni nadra kwa yeyote kumuuliza alifanya kazi gani miaka 40 iliyopita, ilhali swali hilo ndilo linaloweza kufungua mlango wa matibabu yanayofaa na wa fidia.

Asbesto ni jina la kundi la madini yenye nyuzi nyembamba zisizoungua. Kwa sababu hiyo waundaji wa meli waliyapenda mno. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1970, meli za kivita na za mizigo zilizoundwa Uingereza na Marekani zilizungushiwa asbesto kwenye boila na mabomba ya mvuke, ikawekwa kwenye gasketi za injini, ikabandikwa kwenye kuta za vyumba ili kuzuia moto. Mabaharia walilala chini ya mabomba hayo. Waliokuwa hatarini zaidi ni mafundi wa chumba cha injini, wachochezi wa boila na vibarua wa gudi, ambao walibandua asbesto kuukuu kwa nyundo na patasi bila kufunika pua.

Kilindini haikuwa kando ya historia hiyo. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon, kundi la manowari za Uingereza la mashariki lilihamishia makao yake Mombasa, na meli zikatengenezwa hapo hapo. Baada ya vita liliundwa jeshi la wanamaji la Afrika Mashariki, lililovunjwa mwaka 1962. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizaliwa Desemba 1964, na kituo chake kikuu kikawa Mtongwe.

Wala reli isisahaulike. Injini za mvuke zilizovuta mabehewa kupitia Voi nazo zilikuwa na boila, na kwa kawaida boila za enzi hizo zilivishwa asbesto. Fundi wa karakana ya reli na baharia wa chumba cha injini walivuta vumbi la namna moja.

Vumbi hilo halidhuru papo hapo. Nyuzi zake hukwama ndani ya mapafu, na ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 50. Upo ugonjwa wa asbestosisi, ambapo mapafu hupata makovu na kukakamaa, mgonjwa akawa hawezi kuvuta pumzi vyema. Upo mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo, ambayo mara nyingi huua katika muda usiozidi miaka miwili baada ya kugunduliwa. Upo pia saratani ya mapafu yenyewe, na hapa mvutaji sigara huwa na hatari iliyozidishwa maradufu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asbesto kazini huua zaidi ya watu 200,000 kila mwaka.

Hapa nchini, tatizo la kwanza ni utambuzi. Kikohozi, kukonda na maji kwenye kifua ni dalili za kifua kikuu vilevile. Mgonjwa ambaye makohozi yake hayana vijidudu, na ambaye dawa za kifua kikuu hazimsaidii, ana kila sababu ya kumweleza daktari historia yake ya kazi na kuomba apelekwe katika hospitali kubwa, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi au ile kuu ya Pwani mjini Mombasa. Bila maandishi ya daktari yanayotaja ugonjwa kwa jina na kuuhusisha na kazi, madai yote yanayoelezwa hapa chini hayana mguu wa kusimamia.

Aliyekuwa raia

Kwa mfanyakazi wa kiraia, iwe wa gudi, bandari au reli, sheria inayotawala ni ile ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya fidia kwa wafanyakazi. Sheria hii haiishii kwenye ajali. Inatambua pia magonjwa yatokanayo na kazi. Mwenye ulemavu wa kudumu wa asilimia 100 hukadiriwa fidia kwa msingi wa mshahara wa miezi 96. Wa asilimia ndogo hupata sehemu yake. Akifa, wategemezi wake wanaweza kudai.

Madai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, wala si mahakamani. Jambo hili lilizozaniwa kwa miaka mingi, kwani mwaka 2009 Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vifungu. Mahakama ya Rufaa iliviokoa vingi mwaka 2017, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo. Asiyeridhika na uamuzi wa mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi, na baada ya kujibiwa ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Muda ndio mtego mkubwa. Sheria inataka madai yafikishwe mapema, ndani ya miezi 12, hali asbesto hungoja miongo. Mwajiri bila shaka ataliibua hilo. Kwa kesi za madhara zinazofunguliwa kwa misingi ya kawaida, Sheria ya Ukomo wa Mashtaka hutoa miaka mitatu, lakini kifungu cha 27 humruhusu mlalamishi kuomba idhini ya kuchelewa iwapo hakujua mambo ya msingi kuhusu ugonjwa wake. Saa huanza kwenda pale anapojua. Kwa hiyo tarehe ambayo daktari alimwambia ugonjwa wake ni muhimu kama ugonjwa wenyewe, na barua hiyo haipaswi kukunjwa na kusahaulika chini ya godoro.

Aliyevaa sare

Mwanamaji wa Kenya hasaidiwi na sheria hiyo. Kifungu chake cha tatu kinawajumuisha watumishi wa serikali, lakini kinaliacha jeshi nje waziwazi. Kwa maoni ya mwandishi huu ni upungufu, kwani mtu mmoja akibandua bomba akiwa kibarua na mwenzake akalibandua akiwa mwanajeshi, mapafu yao hayatofautishi sare. Njia ya mwanajeshi ni pensheni ya ulemavu kupitia kanuni za pensheni za jeshi, na anayeanza safari hiyo anahitaji nambari yake ya utumishi, cheti cha kuachishwa kazi na kumbukumbu za zahanati ya kambi.

Aliyehudumia nchi nyingine

Waliohudumu katika majeshi ya Uingereza kabla ya Aprili 6, 2005 huhudumiwa na mpango wa pensheni za vita, ambao hauna ukomo wa muda wa kuomba. Tangu Aprili 2016, mwenye mesothelioma chini ya mpango huo anaweza kuchagua malipo ya mara moja ya pauni 140,000. Hata hivyo, aliyeandikishwa katika jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki asidhani kwamba anahesabiwa moja kwa moja. Kwanza athibitishe kutoka kwa karatasi zake ni serikali ipi iliyokuwa mwajiri wake.

Wakenya waliojiunga na jeshi la wanamaji la Marekani wanaweza kuomba fidia ya ulemavu kutoka kwa idara ya wanajeshi wastaafu ya nchi hiyo, na malipo hayo hayakomi kwa sababu tu mtu amerudi kuishi Kenya. Hawawezi kuishtaki serikali yao kwa madhara ya utumishini, lakini wanaweza kudai kutoka kwa watengenezaji wa bidhaa za asbesto. Kampuni nyingi kati ya hizo zilifilisika na kuacha hazina maalumu za kuwalipa waathiriwa. Ile ya Johns-Manville ilianza mwaka 1988.

Waafrika wamewahi kushinda mbali na nyumbani. Mwaka 2000, majaji wa ngazi ya juu kabisa nchini Uingereza waliamua kwamba wachimbaji wa asbesto wa Afrika Kusini wangeweza kuishtaki kampuni ya Cape jijini London. Mwaka 2003 kampuni hiyo ililipa pauni milioni 7.5 kwa walalamishi wapatao 7,500. Ukigawanya, ni takriban pauni 1,000 kwa kila mmoja, na wengi walikuwa wameshakufa.

Ushahidi huchakaa kuliko mapafu. Mwenye madai atafute stakabadhi za mshahara, kadi ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, picha akiwa kazini, na zaidi ya yote wenzake walio hai waliofanya kazi naye chumba kimoja, waape viapo vya maandishi wangali na kumbukumbu. Wakala anayedai ada kabla hajatazama hata karatasi moja aepukwe.

Mke aliyefua nguo za kazi zenye vumbi kwa miaka pia amewahi kuugua mesothelioma katika nchi nyingi, na daktari anapaswa kuelezwa hivyo. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, lakini vigae vyake vingali juu ya baadhi ya nyumba na shule za zamani. Visivunjwe wala kukatwa kwa msumeno. Kuviondoa ni kazi ya wenye leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA, na huzikwa mahali palipoidhinishwa.