Vita havikumfundisha baba kupiga

Hapa kambini tukisikia mtoto analia usiku nyumba ya pili, tuna neno letu: "Ni vita ndivyo vilimharibu huyo baba." Halafu tunageukia ukutani, tunalala. Wandugu, nataka kuwasimulia habari ya mkimbizi wa mbali, Jelena Dokic, mcheza tenisi, maana maisha yake yanalijibu neno hilo.

Alizaliwa mwaka 1983 Osijek, Kroatia, wakati ule ikiwa ndani ya Yugoslavia. Vita vilipofika mwaka 1991, familia ilikimbilia Sombor, Serbia. Mwaka 1994 wakahamia Sydney, Australia, bila kitu. Huko aliambiwa arudi alikotoka. Maneno hayo tunayajua.

Raketi ikamtoa. Mwaka 1999, akiwa na miaka 16, alikutana Wimbledon na Martina Hingis, namba moja wa dunia, akamshinda 6-2, 6-0. Mwaka 2000 alifika nusu fainali palepale, akashindwa na Lindsay Davenport. Kwa mtoto wa miaka 17 hiyo ni sifa kubwa. Alipompigia baba simu, baba alimwambia asirudi hotelini. Basi alijificha kwenye chumba cha wachezaji ili alale humo, mpaka mtu wa usafi akamkuta.

Baba alijulikana kwa ulevi na fujo. Magazeti yalimfanya kichekesho. Jelena alipoulizwa hadharani, alimtetea. Ukweli wote aliusema mwaka 2017, katika kitabu chake Unbreakable: mkanda, mateke, matusi. Alisema pia kwamba kipigo kilianza alipoanza tenisi, akiwa na miaka 6. Piga hesabu mwenyewe. Vita vilikuwa bado havijafika Osijek.

Mwaka 2009 baba hakukana kwamba alimpiga, ila alisema ilikuwa kwa faida yake. Na sisi tunasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtu atauliza: si alifika namba 4 duniani mwaka 2002? Alifika. Na mwaka huohuo alitoroka kwao, akawa mkimbizi mara ya pili. Baadaye huzuni ilimzidi hadi akafikiria kujiua. Alipoinuka tena mwaka 2009 na kufika robo fainali ya Australian Open, hakuwa chini ya mkanda wa mtu.

Dhiki yetu ni ya kweli, siidharau. Lakini Jelena naye alipita vita vilevile, njaa ileile.

Ninyi mnaopita na fomu nyumba kwa nyumba, msimuulize mtoto akiwa amekaa kando ya mzazi. Atajibu kama Jelena: "Baba ni mzuri." Na sisi majirani, usiku tukisikia kilio, tusiseme tena ni vita. Tutoke, tupige hodi.