Dalali mpya wa ufuo wa Bamburi

Mtalii wa miaka ya 1980 alishuka uwanja wa ndege wa Moi akiwa ameshauzwa. Bamburi alikuwa ameichagua sebuleni kwake, Ujerumani au Uswisi, katika kitabu kinene cha picha kilichotolewa na kampuni kama Neckermann au TUI. Ukurasa huu Mallorca, ule Tunisia, mbele kidogo minazi, mchanga mweupe na jina la hoteli ya Pwani ya Kenya. Ndege, chumba na chakula vilikuwa bei moja, na bei hiyo ililipwa hukohuko. Hoteli ya Bamburi ilisubiri fungu lake, na mara nyingi ilimjua mgeni kwa jina siku anapofika mapokezini na mabegi yake.

Kilichobaki cha kumuuzia ni siku zake za mapumziko, na hapo ndipo bichi boi alipoingia kazini. Alitembea ufuoni na albamu ya plastiki kwapani: simba wa Tsavo, tembo wekundu kwa vumbi, mashua yenye kioo chini ya kutazamia samaki. Nyuma ya picha alihifadhi barua za wageni waliotangulia, zilizoandikwa kwa mkono, zikisema huyu ni mtu mwaminifu, nendeni naye. Maoni ya wateja tulikuwa nayo Bamburi kitambo kabla TripAdvisor haijaanzishwa mwaka 2000, ila yalikaa kwenye mfuko wa nailoni.

Mfumo huo wa kitabu cha picha ulianza kulegea mbali sana na hapa. Tarehe 27 Oktoba 1994, jarida la mtandaoni la HotWired la San Francisco lilibandika mabango ya kwanza ya biashara katika kurasa zake. Lililopata sifa zaidi lilikuwa la kampuni ya simu ya AT&T, ukanda mwembamba uliomuuliza msomaji kama amewahi kubofya pale, na kumtabiria kwamba atabofya. Inaelezwa kwamba watu 44 katika kila 100 walioliona walibofya. Siku hizi bango likibofywa na mtu mmoja katika mia, aliyelilipia anafanya sherehe.

Mwaka huohuo Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, alibuni vidakuzi, vile vijifaili vinavyoiwezesha tovuti kukumbuka kwamba ni wewe uliyepita jana. Nia ilikuwa ndogo tu: duka la mtandaoni lisisahau ulichoweka kikapuni. Wenye matangazo wakaona mbali zaidi. Miaka michache baadaye Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tripod, akaandika programu ya tangazo linaloruka mbele ya macho katika dirisha lake lenyewe. Mwaka 2014 aliomba radhi hadharani. Wengi wetu tuliokaa tukifunga madirisha hayo mojamoja hatukuwa tumemjua mwenye deni.

Kenya ilikuwa ndiyo inaanza. Africa Online, kampuni iliyoundwa mwaka 1994 na Wakenya watatu waliosoma Marekani, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuuza intaneti nchini. Mtandao wenyewe ulipitia setilaiti, nao ulikuwa ghali na wa kukatikakatika. Hoteli zilizofungua tovuti ziliweka kitabu kilekile cha picha kwenye kioo cha kompyuta, na faida kubwa waliyoiona ilikuwa barua pepe kuchukua nafasi ya faksi. Vijana wa mitaa ya Mtambo na Kiembeni waliufahamu mtandao saibani, wakilipa kwa dakika, macho kwenye saa iliyo pembeni mwa skrini.

Kisha likaja tangazo kubwa ambalo Bamburi haikulilipia hata senti. Siku moja baada ya tsunami ya 26 Desemba 2004, wakazi wa Malindi na wavuvi walimwokoa mtoto wa kiboko aliyekwama kwenye mwamba baharini. Akaitwa Owen, akaletwa Haller Park, ile bustani iliyooteshwa na René Haller kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji. Humo Owen akajibanza kwa Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra aliyekisiwa kuwa na miaka 130 hivi. Wakala pamoja, wakalala pamoja. Picha zao zikarushwa kwa barua pepe kutoka ofisi hadi ofisi, bara hadi bara. Mwaka 2006 kikatoka kitabu cha watoto chenye picha za Peter Greste. Watu wasiojua Mombasa iko wapi wakawa wanauliza njia ya kufika kwa kobe. Hakuna bango wala bajeti iliyowahi kuitangaza Bamburi kiasi hicho, na hakuna mwenye hoteli aliyejua namna ya kurudia bahati ile.

Biashara haiwezi kukaa ikingoja kiboko. Njia ya kulipia macho ya watu ilikuwa imeshapatikana: GoTo.com mwaka 1998 ilianza kunadi maneno ya utafutaji, mteja akilipa pale tu tangazo lake linapobofywa. Google ikaanzisha AdWords Oktoba 2000, ikiwa na watangazaji 350 tu, na mwaka 2002 ikaongeza ujanja uliowapiku wenzake wote. Mshindi wa mnada akawa si lazima aliyetaja bei kubwa. Tangazo linalobofywa sana lingeweza kumpita tajiri. Kwenye karatasi, hoteli ya vyumba 20 ingeweza kushindana na mabepari wa vitabu vya picha wa Ujerumani kwa kununua maneno mawili matatu, na kumpata mgeni bila wakala.

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za baharini za TEAMS na SEACOM zilitia nanga Mombasa. Miaka miwili baadaye Google ilianza kugawa tovuti za bure kwa biashara ndogo za Kenya. Ungedhani sasa dalali amekwisha.

Hakwisha. Alihama Ujerumani akaenda Amsterdam. Booking.com, iliyoanzia Uholanzi mwaka 1996, haikai ukumbini pa hoteli wala haichapi kitabu. Inakaa mlangoni pa mtandao. Mtu akiandika jina la hoteli ya Bamburi kwenye Google, jina kamili kabisa, kinachoweza kutangulia ni tangazo la jukwaa hilo au la wenzake, si tovuti ya hoteli. Ukibofya hapo ukalala chumba kilekile, hoteli inakatwa kamisheni, kwa kawaida asilimia 15 au zaidi kidogo. Sehemu ya pesa hizo ndiyo inayorudi kununua tangazo linalofuata. Kampuni mama, Booking Holdings, ilitumia zaidi ya dola bilioni 6 kwa matangazo na masoko mwaka 2023. Mwenye vyumba 20 aingie mnada huo na nini? Kwa maoni yangu, hapa ndipo ahadi ya AdWords ilipokufa, ingawa hakuna aliyetangaza msiba.

Pigo la Mei 2014 lilibadilisha soko. Uingereza ilitoa onyo la usafiri, na kampuni za Thomson na First Choice zikawaondoa mamia ya wageni wao Mombasa. Vitanda vikabaki vitupu. Mgeni aliyebaki wa kutegemewa alikuwa Mkenya mwenzetu, naye hakuwa na habari na vitabu vya Neckermann, alikuwa Facebook. Treni ya Madaraka Express ilipoanza 2017, familia ya Nairobi iliweza kuona picha ya bwawa la kuogelea Jumatano na Ijumaa jioni iwe ufuo wa Pirates inakula viazi karai.

Ndipo tangazo likashuka hadi kwa mtu mdogo. Mchukue muuza madira wa Kiembeni. Dira anaitundika kwenye grili ya dirisha penye mwanga, anapiga picha mbili, moja ya vazi zima na moja ya urembo wa shingoni, anaandika “mzigo mpya, bei inbox” na kuirusha kwenye stetasi ya WhatsApp baada ya magharibi, watu wakiwa wameshika simu. Kesho saa kama hiyo imetoweka, anaweka nyingine. WhatsApp Business, iliyoanza 2018, ikampa na orodha ya bidhaa. Hajalipia tangazo, mtaji wake ni namba alizozihifadhi, na zilizomhifadhi yeye.

Akitaka kuvuka hapo, anabusti, yaani analipia. Facebook inamruhusu kuchomeka alama kwenye ramani na kuchora duara. Weka alama Bamburi Mtambo, panua kilomita 5: upande mmoja unashika Kiembeni, Utange, Mtopanga na Shanzu, na sehemu kubwa ya duara inamwagika Bahari ya Hindi. Samaki hawahesabiwi, wanaolipiwa ni walioona. Zamani ilibidi amtafute kijana mwenye kadi ya benki amlipie kwa ada. Tangu Juni 2022 kadi ya M-Pesa GlobalPay imemwondolea usumbufu huo.

Uhuru huo umekuja na takataka zake. Wapo waliotuma amana ya nyumba ya ufuoni yenye picha nzuri, wakafika na watoto wakakuta kiwanja kitupu. Na picha za wateja zenyewe zimekuwa bidhaa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data, kwa kutumia sheria ya data ya 2019, iliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Ni onyo linalohusu pia kila baa ya Bamburi inayopiga picha wachezaji wa Jumamosi.

Wenye nyumba za kukodisha wa siku hizi wamegundua njia yao ya pembeni. Airbnb huficha namba za simu zinazotajwa kabla ya malipo, kwa hiyo mgeni wa kwanza anapitia kwa dalali, na makato yanalipwa. Lakini ufunguo lazima ukabidhiwe na mtu. Mlangoni pale mwenyeji humpa mgeni namba, humwambia akirudi Desemba ampigie moja kwa moja, bei itapungua, atume kwa M-Pesa. Mgeni akiihifadhi namba hiyo, na mwenyeji akaihifadhi ya mgeni, kuanzia kesho yake mgeni anaona stetasi.